Jibu: Kuhamisha deni la kadi kwenda sacco

Salama ndugu. Umesema kadi ya mkopo inakudai 80,000, riba 3.5% kwa mwezi, na unauliza kama uchukue mkopo wa sacco uimalize. Mimi nililipa langu kwa njia hiyo, na ningekushauri ufanye hivyo.

Kwanza kabisa, uliza kama riba ya sacco inahesabiwa kwa salio linalopungua. Kwa 1% kwa mwezi, ukilipa sehemu sawa ya deni kila mwezi kwa miezi 12, riba yote ni kama 5,200. Ikihesabiwa kwa deni la mwanzo hadi mwisho, inafika 9,600. Kwenye kadi, mwezi mmoja tu unakula 2,800! Hukutaja ada ya kushughulikia mkopo wala bima. Ziongeze kwenye hesabu.

Wadhamini waambie ukweli wote, maana ukikwama akiba zao ndizo zitakatwa.

Benki ikuandikie salio la kufunga deni la siku hiyohiyo. Pesa zikiingia, lipa kabla hujagusa kitu kingine, funga kadi, dai barua ya kumaliza deni, kisha hakikisha CRB (wanaotunza rekodi za mikopo ya watu) wamebadilisha rekodi yako.