Verni ya maji: usiicheke juu iko nyeupe

Mi niko seremala hapa Bukavu, atelie iko Kadutu, na nyuma ya ukuta ndipo tunalala, mi na bibi na watoto. Miaka yote nilikuwa napaka verni ya poliuretani ya mafuta, ile ya kuchanganya na diliyan (maji makali ya kulainisha rangi), usiku kichwa kinagonga, mdogo anakohoa, na bibi hawezi kuwasha mbabula (jiko la makaa) mpaka harufu iishe juu ule mvuke unashika moto haraka. Siku mwenzangu alileta poliuretani ya maji nikacheka, maana ndani ya mkebe iko nyeupe kama maziwa, nikamuuliza utapaka hii kwa ubao wa libuyu wa mtu akulipe? Kumbe ikikauka inakuwa wazi kabisa.

Lakini meza ya kwanza niliiharibu. Nilipaka mara moja, kupitisha mkono hivi, ubao umesimamisha nywele kama ndevu za siku mbili (maji ndiyo yanaamsha nyuzi za mti), basi nikachukua ile waya laini ya kusugulia masufuria kama nilivyozoea, nikasugua, nikapaka tena. Kesho yake vidoti vyeusi kila mahali, kama mavi ya nzi: vile vipande vya chuma vimeshika kutu ndani ya verni! Nilikwangua yote, bure, bila kulipwa.

Sasa nalowesha ubao kidogo na kitambaa kwanza, naacha ukauke, napitisha msasa namba 220, ndipo napaka. Kati ya kupaka mara moja na nyingine, msasa namba 320, waya ya chuma hapana. Usitikise mkebe juu mapovu yatabaki, koroga polepole. Paka nyembamba, mara tatu ao ine, na usirudi nyuma na brosi juu inashika mbio. Brosi unaosha na maji na sabuni hapohapo.

Rangi je? Kwa kabati nyeupe hakuna kama hii, haigeuki njano. Kwa libuyu, kusema ukweli, inapauka kidogo, ile rangi ya asali wateja wanapenda inatoka kwa mafuta, kwa hiyo natia tente (rangi ya kupaka ubao mbele ya verni) kwanza na naingoja ikauke sawasawa. Wakati wa mvua pia ngoja zaidi.

Na mwambie mteja: masaa mbili unaweza kugusa, lakini kukomaa ni wiki tatu hivi. Mama mmoja alitandika kitambaa cha plastiki siku ya pili, maua yake yamechapika mule mpaka leo.