Manowari HMS Hunter ilipatwa na nini mwaka 1937?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwenzangu anashikilia kwamba kati ya mwaka 1918 na 1939 manowari za Uingereza hazikuwa na kazi ila kutembeza bendera bandarini. Je, hakuna hata moja iliyoumia katika miaka hiyo? – Msomaji, Jinja.

JIBU: Ndugu msomaji, zipo, na mfano ulio wazi ni distroya (manowari ndogo yenye mbio) HMS Hunter, iliyoundwa Wallsend na kushushwa majini Februari 1936, ikiwa na mizinga minne ya inchi 4.7 na urefu wa mita 98 hivi. Kwa sisi tuliozoea meli za Port Bell, huo ni karibu uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli.

Wakati huo Hispania ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekubaliana, angalau kwa maneno, kutoingilia. Kwa hiyo kuanzia Aprili 1937 manowari zao zilipewa zamu ya kulinda mwambao ili silaha zisiingizwe. Ujerumani na Italia, zilizokuwa zikimpa Jenerali Franco, kiongozi wa waasi, silaha na askari, nazo zilikuwa miongoni mwa walinzi, jambo linaloonyesha makubaliano yenyewe yalikuwa na uzito gani.

Tarehe 13 Mei 1937, Hunter ikiwa doriani karibu na Almería, bandari ya kusini mwa Hispania, iligonga bomu la majini lililotegwa na boti za upande wa Franco. Bomu la aina hiyo hufungwa kwa waya likaelea chini kidogo ya uso wa maji, na pembe zake zina vichupa vya asidi. Chombo kikiigusa pembe, kichupa hupasuka, asidi huzalisha umeme, na umeme hulipua baruti, bila kujali chombo ni cha nani. Mabaharia 8 walikufa, omo ikajaa maji, redio ikaharibika na meli ikalalia upande. Lazaga, manowari ya serikali ya Hispania, ndiyo iliyoifungasa na kuitoa penye mabomu, na baadaye manowari nyingine za Uingereza zikaipeleka Gibraltar. Matengenezo yake huko Malta yaliendelea hadi mwaka 1938.

Usiku wa 31 Agosti 1937 nyambizi ya Italia, Iride, iliifyatulia topido (kombora liendalo chini ya maji) distroya nyingine ya Uingereza, HMS Havock, ikaikosa. Mwezi uliofuata mkutano wa Nyon, Uswisi, uliziruhusu manowari za doria kuijibu kwa mapigo nyambizi yoyote iliyoshambulia meli zisizohusika na vita hivyo.