Kabati la TV na meza ya kazi kwenye ukuta mmoja: tuanzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tunamalizia nyumba yetu hapa Tanga. Lipu imekwisha, rangi bado. Sebuleni kuna ukuta wa sentimeta 420 ambao mimi na mume wangu tunataka tuujengee kabati moja: upande huu TV ya inchi 65, upande ule meza yangu ya kazi, maana kazi ya uhasibu naifanyia nyumbani na mafaili ninayo mengi. Mafundi watatu wametupa majibu matatu. Mmoja anasema MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi), mwingine marine board (plaiwudi inayovumilia maji), wa tatu anataka mninga mtupu. Tuchague lipi, na vipimo tuvipange vipi?

JIBU: Dada, umeuliza wakati mzuri. Rangi ikiwa bado, ukuta unaweza kuchimbwa bila hasara kubwa, na kabati la namna hii linaanzia ukutani. Ubao gani utumike nitakujibu, lakini hilo ni swali la baadaye kidogo.

Kwanza andikeni kila kitu kitakachokaa pale pamoja na vipimo vyake: TV, king'amuzi, spika, ruta ya intaneti, kompyuta, printa, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), mafaili. Wateja wengi humletea fundi picha iliyo kwenye simu na kusema nataka kama hili. Picha haikuonyeshi nyaya zimepita wapi wala printa imekaa wapi, na hayo ndiyo yanayokuja kuharibu kabati zuri miezi michache baadaye.

Sasa tugawe ukuta wenu. Inchi 65 za TV hupimwa kwa mshazari. Upana wake halisi ni karibu sentimeta 145 na kimo chake karibu 83. Sehemu ya TV ipeni 180, meza ipeni 120, na kila mwisho wa ukuta acheni 2. Zinabaki 116, ambazo ni makabati mawili marefu ya 58 kila moja. Moja likae mwishoni baada ya meza, jingine lisimame kati ya meza na TV. Hilo la katikati litabeba mafaili, tena litapunguza mwanga na sauti ya TV wakati wenzako wanatazama taarifa ya habari nawe unafunga hesabu za mwezi. Upande upi uwe wa meza, dirisha ndilo liamue: mwanga ukujie ubavuni, usije nyuma yako ukang'aa kwenye kioo cha kompyuta.

Kina cha makabati sentimeta 40 kinatosha, kwa sababu faili kubwa la boksi lina kina kisichofika 30, na nyuma ya vyombo vya sauti lazima ibaki nafasi ya plagi. Meza itokeze hadi 60. Kimo chake kiwe 74 hivi, na mbele ya kiti pasiwe na droo nene. Magoti yanahitaji sentimeta 65 kutoka sakafuni. Droo zikae pembeni, kwenye upana wa 40, miguu ibakiziwe 80. Kabati la chini ya TV liwe na kimo cha 50. Katikati ya TV pawe sentimeta 105 kutoka sakafuni, ambako ndiko macho ya mtu aliyeketi kwenye kochi yanakoelekea. Naona nyumba nyingi TV imetundikwa juu karibu na dari kama picha ya ukutani, na wenyewe wanalalamika shingo.

Hapa ndipo namtaka fundi umeme, na namtaka kabla ya seremala. Nyuma ya TV ziwekwe soketi mbili, zifichwe na TV yenyewe. Kutoka hapo lishuke bomba la milimita 50 hadi ndani ya kabati la chini. Mafundi wengi huweka lile la milimita 20 walilozoea kupitishia nyaya za taa, na kichwa cha waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kwenye TV, hakipiti humo. Matokeo yake waya unaning'inia nje. Kona za bomba ziwe za kupinda taratibu, na ndani iachwe kamba ya kuvutia waya mwingine siku ukihitajika. Waya wa dishi na waya wa intaneti vipite bomba la peke yake, mbali na nyaya za umeme. Kwenye meza, soketi nne na moja ya intaneti ziwe kwenye kimo cha sentimeta 85 hadi 90, juu ya meza kidogo, ili usipige magoti chini kila unapochaji simu. Msitegemee ekstensheni iliyofichwa ndani ya kabati. Plagi iliyolegea hupata moto, na ndani ya mbao hakuna atakayeuona mapema.

Joto ndilo linaloua vyombo. King'amuzi, amplifaya na UPS vikifungiwa kwenye boksi lisilopumua, vitadumu muda mfupi. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo ubao wa mgongo ukatwe nafasi mbili, moja chini na moja juu, na kabati lenyewe lisibanwe kabisa ukutani. Juu ya amplifaya paachwe sentimeta 10. Milango ya sehemu hiyo iwe ya fito zenye mianya au ya fremu yenye kitambaa cha spika. Rimoti nyingi hutumia mwale usiopenya ubao, na mwanya hutatua joto na rimoti kwa mpigo mmoja. Ruta iwekwe juu ya rafu ya wazi, si nyuma ya TV.

Sasa ubao. Mafundi wenu watatu wote wana sehemu ya ukweli, nami ningetumia vyote vitatu. Adui wenu Tanga ni wawili: unyevu wa hewa ya bahari na maji ya kudeki. MDF inakatika vizuri, inapokea rangi vizuri kuliko zote, lakini maji yakiingia kwenye ukingo wake inavimba na hairudi. Itumieni kwa milango na sehemu za juu, kingo zote zikiwa zimezibwa, pamoja na zile zisizoonekana. Ipo MDF yenye kiini cha kijani inayovumilia unyevu wa hewa; hiyo ni nzuri zaidi, ila nayo haiwezi kukaa kwenye maji.

Makabati yenyewe na rafu tengenezeni kwa marine board ya milimita 18. Hapo muwe macho, maana jina hilo madukani hubandikwa hata kwenye plaiwudi ya kawaida. Ombeni kipande, kilowekeni ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi tabaka zikiwa zimeachana, hiyo si ya kununua.

Mninga tuuweke pale panapogusa maji na mikono: kitako chote cha kabati, kimo cha sentimeta 10, na ukingo wa mbele wa meza. Mninga mkavu hautembei sana, yaani hautanuki wala kusinyaa sana, na mchwa huupata kwa taabu kuliko mbao laini. Kujenga kabati zima kwa mninga mtupu kunawezekana, lakini mbao pana hutanuka na kusinyaa, hivyo paneli lazima zikae huru ndani ya fremu bila kugundishwa. Fundi asipolijua hilo, zitapasuka. Kwa fedha ya mninga mtupu mimi ningenunua bawaba na reli za droo zilizo bora.

Kuhusu mafaili, wewe mhasibu utanielewa haraka. Rimu moja ya karatasi za A4 ina kilo 2.5, na faili lililojaa halipungui sana hapo. Rafu ya kabati lenu la 58 itakuwa na urefu wa sentimeta 54.4 baada ya kutoa unene wa mbavu mbili, yaani mafaili sita, karibu kilo 15. Milimita 18 inaubeba mzigo huo bila shida. Rafu ikirefushwa mara mbili, ikapangwa mafaili vilevile, kupinda kwake huongezeka mara 16, ndiyo maana rafu ndefu za mafaili hulegea katikati hata ubao ukiwa mzuri. Kati ya rafu na rafu acheni sentimeta 34, faili liingie na kidole kipite juu yake.

Zile sentimeta 2 za kila mwisho ni kwa sababu ukuta haunyooki. Mpime upana chini, katikati na juu, mchukue kipimo kidogo kuliko vyote; kisha fundi ashushe timazi kwenye kona. Nafasi inayobaki itazibwa na fito iliyochongwa kufuata ukuta ulivyo. Kabla hamjatoa malipo ya kwanza, mwambieni awape mchoro wa mbele wenye vipimo na orodha ya vipande. Bodi moja ina milimita 2440 kwa 1220, kwa hiyo mtaweza kuhesabu wenyewe kama idadi ya bodi anazowatajia inalingana na kazi.

Kwa upepo wa bahari, skrubu ziwe za chuma cha pua na bawaba ziwe zile za kufichika, zinazozamishwa mlangoni kwa kikombe cha milimita 35, mbili kwa mlango mfupi, tatu mlango ukizidi sentimeta 90. Masika ya kwanza yakipita, milango kadhaa itagusana. Bawaba hizo zina skrubu za kusogeza mlango kushoto na kulia, juu na chini. Mwambieni fundi awaonyeshe siku ya kukabidhi kazi, na marekebisho mtayafanya wenyewe kwa bisibisi.