Maghala yote yakienda Kwala, mzigo wa Kariakoo utashukia wapi?

Mkuu umeuliza kama maghala na malori yote ya Dar yakihamishiwa Kwala, kule bandari kavu mkoani Pwani, foleni ya Kariakoo itaisha. Itapungua kule bandarini na Barabara ya Mandela, Kariakoo sahau. Nimeendesha kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, pale miaka kadhaa, naongea nilichokiona.

Kwa kontena za Kongo na Zambia Kwala ni sawa kabisa, hazina sababu ya kuzurura mjini, zishuke melini zipande treni mpaka huko kilomita kama 90 malori ya transiti yazikute, safi. Ila mzigo wa mtu wa duka mtaa wa Narung'ombe lazima uingie Kariakoo tu, sasa kontena ukilifungulia nje ya mji ile semi moja inageuka kirikuu na Fuso kibao na kila moja inatafuta pa kusimama.

Na pa kusimama ndo hakuna. Ghorofa jipya linapanda, chini fremu za maduka, juu fremu, juu zaidi stoo, uliza gari la mzigo linaingilia wapi uone watu watakavyokushangaa. Unapaki barabarani, vijana wanapandisha marobota kwa ngazi mpaka ghorofa ya nne maana mwenye jengo kakataza mizigo kwenye lifti, nyuma yako guta la miguu mitatu limekwama, bajaji honi, na wa ushuru wa paking keshapiga picha namba yako.

Wazee walishaliona hili mbona. Soko kuu la Kariakoo alilochora msanifu majengo Beda Amuli miaka ya 70 lina shimoni kabisa, mzigo unashushwa na kutunzwa chini, biashara juu. Siku hizi mtu akichimba chini anaongeza fremu!

Angalieni na stendi ya mabasi ya mikoani ilivyotoka Ubungo kwenda Mbezi Luis 2021. Abiria wakapata jengo la maana, vifurushi vya mikoani vya Kariakoo je? Viko kwenye boda na kirikuu vinapanda Morogoro Road.

Mimi ningeanza na kibali cha ujenzi: kiwanja hakina sehemu ya kushushia, hupati. Kwa majengo yaliyopo, vitengwe vipande vya mitaa viwe vya kushushia tu usiku mpaka asubuhi kabla wateja hawajajaa, vichorwe mistari na vilipiwe kwa muda. Ila machinga wa hapo wapangiwe pao kwanza, la sivyo wiki ya pili tu mistari yote iko chini ya maturubai.