Siku ya mwisho ni ya Mwaloni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Mkienda mapumziko na marafiki, siku ya mwisho mnaimalizaje?" Sisi huimalizia sokoni. Tena soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, jua kali, na nguo za safari tumeshavaa.

Tuko wanne, wanawake watupu. Tulisoma chuo kimoja Mwanza, enzi za kula wali maharage kwa mkopo kwa mama ntilie. Siku hizi tunaitana kwa miji tunayoishi: Tabora, Geita, Musoma, na mimi Dodoma. Kila mwezi kila mmoja anatoa elfu thelathini, Tabora ndiye mweka hazina, na kila baada ya miaka miwili tunakutana kwa siku tano kwenye hoteli ya ufukweni huko huko Mwanza, upande wa Ilemela. Enzi za chuo tulikuwa tunaziona hoteli za namna hiyo kupitia dirisha la daladala.

Safari ya mwisho tulifika mwezi ukiwa nusu. Usiku wa kwanza hatukulala mapema, na mwezi ulipozama ziwa likawaka taa kutoka upande mmoja hadi mwingine, utadhani kuna mji mwingine kule majini. Ni wavuvi wa dagaa. Zamani walitumia karabai, sasa wengi wana taa za sola na za betri, ila kazi ni ile ile: dagaa hufuata mwanga, anazungushiwa wavu. Kadiri siku zilivyokwenda mwezi ukazidi kujaa na taa zikapungua. Usiku wa mwisho ziwa lote lilikuwa jeupe kwa mbalamwezi, taa hata moja hakuna. Mlinzi wa hoteli akatuambia wavuvi wamepumzika, dagaa haoni sababu ya kufuata taa wakati mbingu nzima inawaka. Mimi nikaona uzuri wa mwezi. Tabora akasema, "Basi kesho dagaa watakuwa ghali."

Ndivyo alivyo.

Kusema kweli, siku ya mwisho tulikuwa tumeipangia jambo jingine kabisa: asubuhi twende Saanane. Kile kisiwa kiko pale pale mbele ya mji, kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Boti ni mwendo mfupi tu. Miaka mitatu ya chuo tulikitazama kila tukishuka mjini, hatukuwahi kukanyaga, na mpaka leo sijamwona pimbi wa Saanane. Sababu ni bili. Hoteli inataka vyumba saa nne asubuhi, na saa tatu tulikuwa bado tumesimama mapokezi tukihesabu soda. Karatasi inasema kumi na saba. Geita anaapa alikunywa tatu, Musoma hanywi soda kabisa, mimi nakumbuka mbili. Kijana wa mapokezi akaleta daftari, daftari likaleta ugomvi mwingine, maana kulikuwa na chipsi kuku ya saa tano usiku ambayo kila mtu aliikana. (Ilikuwa ya Tabora. Alikiri wiki mbili baadaye, kwa simu.) Ushauri wangu kwa yeyote anayesoma hapa: bili ilipeni usiku wa kuamkia kuondoka, mkiwa mmeshiba na mnacheka. Ikisubiri asubuhi, marafiki wa miaka ishirini wanaanza kuitana "dada" kwa sauti ile ya baridi.

Tulipomaliza, Geita alitaka kwenda kujitupa majini mara ya mwisho, akielekea pale penye matete kwa sababu pana kivuli. Musoma ni muuguzi. Alimshika mkono kama mtoto. Kwenye matete maji yametulia, ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Tena akatukumbusha kitu ambacho wengi hatukijui: ukihisi umeingia maji mabaya, usikimbilie kumeza dawa kesho yake ukadhani umemaliza. Ile dawa haiwaui vizuri minyoo wachanga, kwa hiyo unasubiri wiki kadhaa ndipo unapima na kutibiwa. Geita akabaki ufukweni amenuna, miguu kwenye mchanga.

Angalau alikuwepo wa kununa. Miaka yote ya nyuma siku ya mwisho tulikuwa watatu, kwa sababu Geita alitoroka alfajiri kuwahi foleni ya kivuko cha kurudi kwao, pale Kigongo. Ukichelewa unakaa pale na mahindi ya kuchoma, unaangalia magari. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, kilomita 3 hivi juu ya maji, na dakika chache uko ng'ambo. Kwa mara ya kwanza akaenda nasi Mwaloni.

Mwaloni Kirumba mtu haendi kushangaa, utagongwa na mkokoteni. Wapagazi wanapita na magunia kichwani wakipiga mluzi, hawasimami. Tuliingia upande wa dagaa kwanza. Mama mmoja akatuita, "Mwangaluka, dada zangu!" nasi tukaitikia kwa Kisukuma chetu cha chuo ambacho hakijawahi kupata alama nzuri. Alikuwa na mafungu mawili. La kwanza dagaa walioanikwa mchangani, la pili wa kwenye vichanja. Musoma akachota kiganja cha wale wa kwanza, akawasugua taratibu, akawamwaga. Akatuonyesha kiganja: vumbi linalong'aa, punje moja moja. Akachota wa vichanja, akasugua, akafungua mkono. Magamba mawili ya fedha, basi. Kwa sado moja tofauti ya bei ilikuwa elfu kadhaa. Mimi na Geita tukachukua wa vichanja. Tabora akauliza, "Si wanaoshwa?" Akachukua sado tatu za mchangani, akajisifu kwamba ameokoa pesa.

Musoma mwenyewe hakununua kitu. Kwao ziwa ni hilo hilo, angechekwa. Lakini kwenye sato ndiye aliyetuchagulia wote, anafunua mashavu aone wekundu, anabonyeza ubavu, anasonga mbele bila kumjibu muuzaji. Sato wangu wanane nikawakaangisha pale pale, wakauke kabisa, maana Dodoma ni usiku mzima ndani ya basi na barafu haifiki. Nikawafunga kwenye magazeti, nikawatia ndani ya salfeti, juu yake mfuko mbadala.

Mtanionea ajabu, lakini hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko ufukwe. Siku nne zote ninakuwa mtu wa kuletewa chai. Pale Mwaloni naanza kuwahesabu walio nyumbani: sato wawili wa mama mkwe, mmoja wa jirani aliyebaki na funguo, dagaa wa mwalimu mwenzangu aliyenishikia vipindi. Kutoka Mwanza mikono mitupu, nani atakuamini kwamba ulikuwa Mwanza?

Tuliagana haraka stendi ya Nyegezi. Geita alishaondoka alasiri, Musoma tulimshusha Nyamhongolo. Kondakta wangu akainusa salfeti, akaniuliza, "Mama, humu kuna nini?" Nikamwambia vitabu, mimi ni mwalimu. Akacheka, akaitia buti la nyuma na kunitoza elfu mbili za vitabu.

Kesho yake jioni nikiwa nagawa samaki, simu ikalia. Ni picha kutoka Tabora: beseni la maji ya kuoshea dagaa, na chini yake mchanga umetuama tabaka zima. Chini ya picha ameandika, "Jamani, mimi nimerudi na ufukwe."