Kutu chini ya HiAce ya kulalia: kwa vijana mnaoanza gereji

Vijana mnaoingia gereji za Pwani, kuna kazi itakayowafikia mapema: HiAce kuukuu iliyogeuzwa gari la kulalia, yenye kitanda nyuma, tangi la maji, friji na betri ya pili. Mwenyewe atakwambia linagonga mbele, au limelala upande mmoja. Ukiingia chini unakuta kutu. Wengi hukimbilia spana kabla hawajaamua kipi ni cha kuokoa na kipi ni cha kutupa, na kazi inaharibikia hapo.

Anza kwa kujua kutu imetoka wapi. Magari haya mengi yalitumika Japani kwanza, na yale yaliyotembea sehemu za theluji kama Hokkaido yamekula chumvi kila msimu wa baridi, kwa sababu barabara huko hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari likishafika hapa likakaa Kigamboni au Nyali, upepo wa bahari unaendelea pale chumvi ile ilipoishia. Na ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi nene inayong'aa, usifurahi haraka. Mara nyingi imepigwa juu ya kutu ili gari liuzike, na unyevu umefungiwa ndani. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, gonga kila mahali springi na wishiboni, ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, vinaposhikia chasisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi inazama.

Kutu ya juujuu inayotoka unga ukipitisha brashi ya waya haikutishi: brashi, msasa, dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, praima, rangi. Kutu ya magamba ni habari nyingine. Gamba likibanduka zito mkononi, ujue chuma chenyewe kimepungua. Wishiboni au bamba la springi likifika hapo linabadilishwa, halichomelewi. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea unakiharibu ugumu wake. Kitakatika pembeni ya weldi. Mteja atakubembeleza: "Fundi, nichomelee tu nifike mwisho wa mwezi." Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie. Gari hilo linashuka milima ya Lushoto na familia ndani.

Kabla hujalala chini, angalia unapolala. Gereji zetu nyingi ni mchanga. Weka bamba la chuma au ubao mzito chini ya kila stendi, utie kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama linacheza. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Tofali la saruji lisikae chini ya gari hata dakika moja, maana hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Sasa tuje kwenye bolti, maana humo ndimo siku nzima inapoishia. Ndani ya bushi, ule mpira unaokaa kwenye kiungio, kuna kijibomba cha chuma, na bolti inapita katikati yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo bolti na kijibomba vinakazana mpaka vinakuwa kitu kimoja. Unafungua nati, inatoka vizuri, unashangilia. Halafu unazungusha kichwa cha bolti: kinakwenda robo, ukiachia kinarudi kilipokuwa. Huko kurudi ndiko kwa kukitazama. Bolti haitelezi, inazunguka pamoja na kijibomba, na mpira wa bushi ndio unaoivuta irudi. Ukiongeza bomba kwenye spana utakata kichwa na ubaki na mabaki ndani. Rudisha nati ifunike ncha ya uzi, paka mafuta ya kulainisha kutu pande zote mbili, acha yakae usiku kucha. Asubuhi gonga juu ya nati, zungusha kidogo mbele na nyuma, ongeza mafuta, rudia. Ikikataa kabisa, pitisha msumeno au grenda kati ya bushi na bano lake ukate bolti pande zote mbili. Utapoteza bolti na bushi, lakini bano la chasisi litabaki zima, na hilo ndilo ghali.

Moto wa gesi utumie mwisho, na kwa akili. Usiuelekeze kwenye shokamzoba wala springi, na jua bomba la mafuta na la breki yamepita wapi. Kwenye gari la kulalia kuna hatari ambayo daladala haina: juu ya lile bati kuna plaiwudi, sponji na godoro. Ukichomelea chasisi chini, moto unaanza juu usikouona. Toa mtungi wa gesi ya kupikia, fungua sakafu ya ndani, chomoa betri zote mbili, na mtu akae ndani na maji.

Mbele, HiAce za miaka ya 1990 zinatumia tosheni, ile fimbo ndefu ya chuma inayojipinda badala ya springi. Pima urefu wa uzi wa bolti ya kurekebishia, uandike, kisha legeza mpaka mzigo uishe ndipo uguse wishiboni. Tia alama ya rangi kwenye meno ya tosheni kabla hujaichomoa. Ya kushoto haiendi kulia. Na usiiegemeze kwenye vyuma, maana mkwaruzo mmoja unatosha kuanzisha ufa.

Nyuma, mabamba ya springi yakivimba kutu katikati, yabane kwa klampu kabla ya kufungua senta bolti, ile inayoyashika pamoja katikati, la sivyo yatakurukia. Yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Bolti zote ziwe na alama ya nguvu kichwani, kama 8.8 au 10.9, na zisiwe dhaifu kuliko za kiwanda. Isiyo na alama iache dukani.

Wakati wa kukaza, bolti zinazopita kwenye bushi zishike kwa mkono tu gari likiwa juu. Lishushe likae kwenye magurudumu yake, na vitu vyote viwemo na tangi limejaa, kwa sababu lita 60 za maji ni kilo 60 na ndivyo litakavyotembea. Hapo ndipo unakaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukikaza magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema. Mteja atasema bushi zilikuwa feki.

Usimpulizie oili chafu chini ya gari hata akiomba. Inavimbisha mipira uliyotoka kuifunga, na inachafua ardhi. Nta ya kuzuia kutu inatosha, na mwambie alioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi kila akitoka ufukweni. Mpeleke akapige alaimenti, yaani akanyooshewe magurudumu, kisha arudi akishatembea kilomita mia kadhaa ili ukague torki ya yubolti. Iandike hiyo kwenye risiti, maana kwa mdomo tu hatarudi.