Kubishana na shemeji kuhusu chanjo ya malaria

Dada wa Kondele, umeuliza kama mabishano kwenye grupu la WhatsApp la familia yanaweza kumfanya shemeji yako akubali mtoto achanjwe malaria. Yanaweza, lakini akisahihishwa mbele ya wazee atajitetea tu. Mwandikie faraghani, umuulize kwanza anachoogopa hasa. Akisema chanjo haijajaribiwa, mweleze ilifanyiwa utafiti huku kwetu magharibi mwa Kenya, Siaya na Kombewa, ikaanza kutolewa Homa Bay mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza 2021. Usimrundikie linki, tafadhali. Grupuni jibu mara moja tu, kwa upole. Wapo akina mama wanaosoma bila kusema neno, nao wanahitaji kujua kwamba dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 6.